Karakana ya Wasomaji: Pikapu mpya ya haibridi inashtuka gia

SWALI: Wahariri, nina pikapu mpya ya haibridi (injini ya mafuta pamoja na mota ya umeme), oto ya gia 10, imetembea kilomita 2,800. Ikitoka gia ya 3 kwenda ya 4 inapiga kishindo, na nikikaribia kusimama inajivuta mbele kama imesukumwa kwa nyuma. Walioniuzia wanasema nivumilie, eti itazoea. Nivumilie mpaka lini?

JIBU: Hilo neno "itazoea" lina ukweli, ila lina mwisho wake. Na hivyo vishindo viwili unavyovieleza havitoki mahali pamoja, kwa hiyo tuvitenganishe.

Tuanze na cha gia ya 3 kwenda ya 4. Kompyuta ya giaboksi huipima kila klachi: oili inachukua muda gani kujaza pistoni, na sahani zinateleza kiasi gani kabla ya kushika. Kwa vipimo hivyo hurekebisha presha ya mabadiliko yanayofuata. Giaboksi mpya haijakusanya vipimo vya kutosha, na gari linaloshinda kwenye foleni huchelewa zaidi kwa sababu gia za juu haziguswi. Unaweza kuisaidia. Endesha kama dakika 20 oili ya giaboksi ipate moto. Kwenye barabara tambarare isiyo na magari, ondoka ukiwa umekanyaga mafuta robo tu, mguu usicheze, mpaka kilomita 80 kwa saa. Achia mguu, gari lipunguze mwendo lenyewe, kisha malizia kwa breki laini. Rudia mara 8 hadi 10. Wanaokanyaga mpaka chini ili "kuifundisha haraka" wanaifundisha kitu kingine kabisa.

Kishindo kikipungua wiki hadi wiki, acha iendelee. Kikiwa vilevile baada ya kilomita 1,000 nyingine, hapo si suala la kuzoea tena. Idai karakana ya muuzaji iangalie kama kuna programu mpya ya kompyuta ya giaboksi, kisha irudishe kumbukumbu ya klachi mwanzo.

Cha kukaribia kusimama mara nyingi hakihusu gia. Ukipunguza mwendo, mota ya umeme hugeuka jenereta na kulivuta gari nyuma huku ikichaji betri. Mwendo ukishuka sana kazi hiyo hukabidhiwa breki za kawaida, na makabidhiano yakikosa ulaini unahisi gari limeachiwa ghafla. Jaribu hivi: shuka mteremko mrefu mpaka betri kubwa ijae, kisha simama mara tatu nne. Betri iliyojaa haipokei chaji, hivyo mota haivuti. Msukumo ukipotea hapo na kurudi betri inaposhuka, mwambie fundi aangalie programu ya breki na ya mota, asihangaike na giaboksi.

Yapo mambo ambayo hayavumiliwi hata siku moja: mzunguko wa injini unapanda ghafla katikati ya kubadili gia huku mwendo hauongezeki; unaweka D au R na gari linakaa zaidi ya sekunde 2 kabla ya kushika; harufu ya kuungua; matone mekundu au ya kahawia chini ya gari.

SWALI: Taa ya hitilafu iliwaka, fundi wa jirani akaifuta kwa skana na gari likawa sawa siku mbili. Sasa imerudi. Nifanye nini?

JIBU: Kwanza, asiifute tena. Pamoja na msimbo wa hitilafu, kompyuta huhifadhi picha ya hali ilivyokuwa hitilafu ilipotokea: mwendo, mzunguko wa injini, joto na mengineyo. Ukifuta, picha nayo inaondoka, na karakana ya muuzaji itakwambia haikuona kitu.

Andika misimbo yote, usiandike mmoja tu. P0700 haisemi tatizo ni nini, inasema tu kwamba kompyuta ya giaboksi ina neno, kwa hiyo skana isiyoweza kuifungua kompyuta hiyo haikufai. P0730 maana yake uwiano wa gia hauendani na kasi zinazosomwa, yaani kuna kuteleza au sensa inadanganya. P0741 inagusa klachi ya ndani ya konveta, kile kiungo cha oili kati ya injini na giaboksi. Misimbo inayoanza na P0A ni ya upande wa haibridi.

Kabla ya yote pima betri ndogo ya volti 12. Gari likiwa limezimwa usiku kucha isome karibu 12.6, ikiwa chini ya 12.2 imeshuka nusu. Gari likiwa tayari kuondoka isome kati ya 13.5 na 14.7. Betri hii ikichoka, kompyuta hupoteza mawasiliano na kuisingizia giaboksi. Watu wamelipia giaboksi kwa kosa la betri.

SWALI: Giaboksi haina kijiti cha kupimia kama cha injini. Niongeze oili lita moja kwa tahadhari?

JIBU: Hapana. Oili ikizidi hupigwa na gia ikatoa povu, povu halibebi presha, na klachi zinateleza kana kwamba oili imepungua.

Kiwango hupimwa kwa joto, si kwa macho. Magari mengi hupimwa kupitia kizibo cha kupimia kiwango kilicho chini ya sampu, yaani trei ya oili ya giaboksi: gari liko sawasawa, injini inazunguka, lever imepitishwa nafasi zote kisha ikarudi P, oili iko kwenye joto lililotajwa, ndipo kizibo kinafunguliwa na oili inatakiwa kudondoka kidogo kidogo. Toyota nyingi hutaka nyuzi 35 hadi 45. Giaboksi ya 10R80 ya Ford ina kijiti kifupi kilichojificha kwenye giaboksi yenyewe, karibu na ekzosi, na husomwa kwenye nyuzi 96 hadi 102. Haibridi inaweza kujizimia injini katikati ya kipimo, kwa hiyo fundi lazima aiweke kwenye modi ya matengenezo.

Aina ya oili nayo si ya kubahatisha. Oili ya Ford iliyoandikwa Mercon ULV ni nyepesi sana, na ukitia nzito, gia zinachelewa hasa asubuhi. Kwenye haibridi ambazo mota imo ndani ya giaboksi, oili hiyohiyo huipoza mota na kugusa nyaya zake, hivyo isiyofaa inaweza kudhuru umeme pia.

Kama gari linachelewa kushika pale tu injini inapokuwa imejizima kwenye taa za barabarani, taja pampu ya oili ya umeme. Ndiyo inayoshikilia presha wakati pampu ya kawaida, inayozungushwa na injini, imelala.

SWALI: Yangu ni pikapu ndogo ya haibridi. Nikipanda mlima na mzigo, injini inanguruma juu lakini mwendo hauongezeki. Klachi zimekwisha?

JIBU: Kama ni ya eCVT, yaani giaboksi ya haibridi isiyopanda gia moja moja, haina klachi za kubadili gia wala mkanda. Ndani yake kuna gia za sayari na mota mbili, na injini huchagua mzunguko wake bila kufuata magurudumu. Kelele hiyo ni ya kawaida. Betri ikiisha njiani nguvu hushuka kweli, kwa hiyo punguza mzigo au mwendo. Kinachostahili wasiwasi ni mlio mwembamba unaopanda na mwendo hata mafuta yakiachiwa, ambao mara nyingi ni wa beringi, au onyo la joto. Kwa joto, angalia kulanti ya inveta (kifaa kinachogeuza umeme wa betri uendeshe mota), ambayo mara nyingi ina chupa yake peke yake.

Nyingi za aina hii hazina gia ya nyuma. Mota ndiyo huzunguka kinyume, kwa hiyo kurudi nyuma kwenye mwinuko, na mzigo, betri ikiwa chini, ndipo udhaifu wake unapoonekana.

SWALI: Likizimika, naweza kulivuta kwa kamba nikiweka N?

JIBU: Usivute mpaka kitabu cha gari hilo kiruhusu waziwazi. Kwenye eCVT, N haitenganishi mota na magurudumu. Yakizunguka, mota inazalisha umeme gari likiwa limezimwa na oili haizunguki ipasavyo. Lipakie kwenye lori la kubebea magari, magurudumu yote manne juu. Na anayelipakia asifungie ndoano karibu na nyaya za rangi ya chungwa, ndizo za umeme wa volti kubwa.