Kamba Yenye Mafundo Matatu

Mwanangu mpendwa,

Barua yako imenifikia Jumapili. Nimeisoma mara mbili kabla ya kwenda kanisani, na mara nyingine niliporudi. Unauliza: baba yako alitupenda kweli, au alitimiza wajibu tu? Wanao wanataka habari za babu yao, na wewe unachokumbuka ni koti la kazini msumarini na mtu anayelala mchana.

Sikukasirika. Hata mimi niliwahi kujiuliza hivyo, miaka ya mwanzo ya ndoa.

Alianza kazi TAZARA muda mfupi baada ya reli kukabidhiwa mwaka 1976, nasi tukapewa nyumba Mlimba. Gadi wa treni hana Jumapili wala Krismasi. Anaondoka usiku, anarudi alfajiri ya siku usiyoijua, na simu hakuna. Nilijifungua wewe akiwa njiani.

Lakini unakumbuka safari ya kwenda kwa bibi yako Njombe? Ulikuwa na miaka sita, na kile kifua chako cha pumu. Toka Mlimba kupanda hadi Makambako ni milima mitupu, daraja kwa daraja, handaki kwa handaki, na treni ikiingia handakini moshi wa injini unajaa mabehewa kama madirisha yako wazi. Baba yako alikuwa zamu siku hiyo. Kila tulipokaribia handaki alitokea behewani kwetu, daraja la tatu, akafunga dirisha lako, akakufunika pua kwa leso yake. Tukitoka upande wa pili anafungua, anarudi kazini. Hakusema neno. Abiria mmoja akaniuliza kama yule gadi ana deni na sisi. Nikamwambia, ni baba yake huyu mtoto. Nilisema kwa fahari, mwanangu, na ndiyo siku nilipoacha kujiuliza.

Mwaka 1983 sabuni ilikuwa adimu, watu tunafulia majani ya mpapai. Akipata mche mmoja anaukata kwa uzi: kipande chetu, kipande cha mama yake, kipande cha wadogo zake watatu waliokuwa shuleni kwa mshahara wake. Mimi nilinuna, maana chetu hakikuwa kikubwa kuliko vya wengine. Leo wale baba zako wadogo ndio waliokulipia ada ya chuo baba yako alipokuwa hayupo tena.

Kuhusu mahafali yako ya darasa la saba, uliyoandika kwa uchungu: ni kweli hakuja. Alikuwa zamu, na alikosea kutokuomba ruhusa mapema. Siwezi kumtetea. Ila umesahau yaliyofuata. Alifika saa nne usiku, akakuamsha, akakuomba uvae sare uimbe ngonjera yako upya. Ulisimama uani umenuna, unasinzia, na yeye kakaa juu ya ndoo iliyopinduliwa, kofia ya kazi mapajani, hadi ubeti wa mwisho. Halafu akapiga makofi peke yake. Majirani waliamka.

Hakuwa mtu wa maneno, na alikuwa mkali kwenye masomo kupita kiasi. Hilo nalo waambie wanao.

Jambo moja sikuwahi kuwaambia. Nilipofungua lile koti baada ya mazishi, mfuko wa ndani ulikuwa na kamba nne za katani. Alikuwa anawapima miguu mkiwa mmelala, ili akifika Dar es Salaam anunue viatu vya kuwatosha. Kila mtoto na mafundo yake: wa kwanza fundo moja, wa pili mawili. Yako ina matatu. Niliipima juzi kwenye meza, haifiki shubiri yangu, kwa hiyo ni ya zamani sana, labda ya vile viatu vyekundu. Hakuitupa.

Iko kwenye kopo la majani ya chai, juu ya kabati. Njoo na watoto likizo ya Desemba uichukue.

Mama yako