Biti yangu ya reggaeton inasikika kama zuku, nakosea wapi?

SWALI: Kaka, habari za kazi. Natumia FL Studio, ile programu ya kutengenezea muziki, mwaka wa pili sasa napiga biti za reggaeton, tempo 95, sinea (ile ngoma ya sauti kali) naweka kitufe cha 4, 7, 12 na 15 kati ya vile 16 vya baa moja, ila kila anayesikia anasema hii zuku (zouk). Nakosea wapi? Na kazi hii inalipa kweli? Nimekutumia moja usikilize.

JIBU: Mdogo wangu, nimeisikiliza zaidi ya mara tatu. Sinea ziko mahali pake, usizihamishe. Zuku na reggaeton ni ndugu, zote zinatembea na ile hesabu ya mapigo ya tatu-tatu-mbili, ndo maana sikio la huku linakimbilia zuku. Shida yako ni kiki, ile ngoma nzito ya chini, umeweka 1 na 9 tu, wakati reggaeton inataka 1, 5, 9 na 13, inagonga bila kupumzika afu sinea zinakuja kuikatiza katikati, hapo ndo kiuno kinapata pa kushika. Tena sinea umechagua ile laini ya ukingo wa ngoma ukaijaza riva (mwangwi) mpaka inaelea, tafuta kavu, yenye kelele kidogo.

Halafu umetumia sauti moja ya sinea toka mwanzo mpaka mwisho, na hili ndo linaniuma maana wengi wanalipita. Huu mdundo mzizi wake ni Jamaika, wimbo wa Dem Bow wa Shabba Ranks wa 1990, ukapita Panama na New York ukatua San Juan, Puerto Rico, huko madijei kama Playero walikuwa wanaunganisha vipande vya midundo tofauti ya Kijamaika kwenye kaseti, kwa hiyo sinea ilikuwa inabadilika njia nzima. Watayarishaji Luny Tunes wakaibeba tabia hiyo mpaka kwenye Gasolina ya Daddy Yankee ya 2004. Andaa sinea tatu au nne, badilisha kila baada ya baa 8, utaona wimbo unasogea wenyewe bila kurundika kinanda.

Kulipa inalipa, ila pole pole. Hao Luny Tunes ni vijana wawili wa Jamhuri ya Dominika waliokulia Massachusetts, Marekani, walikuwa wanafanya kazi kantini ya chuo cha Harvard kabla hawajahamia Puerto Rico, albamu yao Mas Flow ikatoka 2003. Mtayarishaji Tainy naye walimchukua akiwa kijana hajafika 20, akatengenezea watu nyimbo miaka na miaka, albamu yake mwenyewe, Data, imekuja 2023! Pesa ya kuuza biti inaisha wiki hiyohiyo, inayobaki ni asilimia zako za utunzi, andikishaneni kabla msanii hajaingia kurekodi. Mimi biti yangu moja ilipigwa redioni mwaka mzima nikiwa nimelipwa mara moja, tulikubaliana kwa mdomo tu.

Na sampo, yaani vipande vya sauti unavyochota kwenye nyimbo za watu, kuwa nazo makini sana. 2021 Clevie, mtayarishaji wa Jamaika, na warithi wa mwenzake marehemu Steely walifungua kesi Marekani wakidai mdundo wao wa 1989, Fish Market, umetumiwa bila ruhusa, wakashtaki majina makubwa kabisa. Sasa wewe sinea rekodi zako, hata kopo tupu la rangi linatoa sauti nzuri ukiligonga karibu na maiki. Anza na kiki lakini, besi uikate kidogo pale kiki inapogonga zisigombane, afu nitumie tena na uniambie nani anaimba.