Wino umejaa, maandishi hayakolei

Swali: Nimejaza katriji nyeusi ya HP 650 (kikasha cha wino wa printa) kwa sindano, lakini maandishi yanatoka na mistari myeupe. Nimekosea wapi?

Jibu: Huenda ulisukuma wino haraka, hewa ikanasa ndani ya sponji. Sindano ishuke taratibu hadi karibu na chini. Mililita 5 zichukue dakika 2 hivi, na uache mara wino unapochungulia tunduni. Kwa sasa, kandamiza uso unaotoa wino kwenye karatasi laini yenye maji ya uvuguvugu kwa dakika 1, hadi uache alama nyeusi isiyokatika. Usiguse vipande vya shaba vya katriji! Printa ikidai bado wino umeisha, puuza: inahesabu matone iliyotoa, haipimi wino uliomo.