Kinanda kilifuate kayamba

Wiki iliyopita mliuliza: vikundi vyetu vya ngoma vinapopanda jukwaani na kinanda na gitaa, vinaiokoa mila au vinaiua? Nimelisoma swali hilo nikiwa nimekaa juu ya spika, nangoja lori, na likanichoma. Mimi hukodisha mitambo hapa Malindi: spika, miksa, jenereta, mahema na viti. Ya mila waulizeni wazee wa kaya za Wamijikenda. Mimi nayajua yanayoingia kwenye miksa na yanayotoka.

Na kinachotoka, mara nyingi, si kayamba.

Vikundi vinavyopiga harusi za Ganda, Kakuyuni na Marafa siku hizi vina kinanda, besi, waimbaji wawili na akina mama wa kayamba. Hao akina mama ndio wanaotangazwa, ndio wanaopigwa picha, lakini maiki zikipungua, zinapungua kwao. Kayamba ni gumu kwa fundi. Ni matete yaliyofungwa bapa, mbegu ndani. Ukilisogezea maiki linatoa "shaaa" inayomfunika mwimbaji. Ukiliondolea, besi inalimeza. Mafundi wengi hawajisumbui, wanaliacha limezwe.

Kuna harusi moja ya Ganda haijanitoka. Kijana wa kinanda alikuwa ameweka ule mdundo uliorekodiwa humo ndani, anabonyeza kitufe mashine inajipigia yenyewe. Sasa mwanzele, ngoma ya Wagiriama, hauendi hivyo. Huanza taratibu, watu wanavuta miguu tu, halafu mabega yakishaamka yule anayeongoza kayamba hukaza vidole gumba na wimbo wote unapanda naye. Aliyeongoza siku hiyo alikuwa bibi mmoja mwembamba, kavaa hando, ile sketi ya marinda ya Kigiriama, miguu pekupeku kwenye mchanga. Akaanza kupanda. Mashine palepale. Akapanda tena. Wachezaji wakagawanyika: walio karibu na spika wakafuata mashine, walio nyuma wakamfuata bibi, na katikati watu wanakanyagana.

Bibi akaacha kupiga. Akalikumbatia kayamba, akaja moja kwa moja hadi kwenye kinanda, akivuka nyaya zangu huku roho yangu iko mkononi, akamwambia kijana, "Mwanangu, huyo uliyemfungia humo ndani hasikii. Mtoe."

Kijana akacheka. Bibi hakucheka.

"Haya, hawe," yaani bibi, kijana akasema, akauzima mdundo.

Hapo ndipo nilipoona kazi. Yule kijana hakutazama tena kinanda chake, alivitazama vidole gumba vya bibi. Mwanzoni alipiga kwa mkono mmoja, sauti mbili tatu tu, akingoja. Wa besi akapotea kidogo, kisha akaipata njia. Nikapandisha kayamba, nikashusha vingine vyote, na mwanzele ukapanda mpaka vumbi likafika kwenye taa. Shangazi za bibi harusi walikuja kutuza, noti zikabandikwa kwenye paji la uso la yule bibi, nyingine zikamwangukia kijana. Lakini niseme kweli yote: vijana wengi walirudi kwenye viti. Mzee mmoja wa upande wa bwana harusi akanifuata kuniuliza muziki umekwisha saa ngapi. Na wakati wa kulipana nilikatwa pesa ya spika mbili, eti zililala.

Nilipoanza kuandika nilitaka kusema vinanda vitolewe kabisa. Sasa siwezi. Kifudu ni ngoma ya matanga, na mwaka 1913 Mekatilili wa Menza, shujaa wa Wagiriama, aliitoa huko matangani, akaizungusha kijiji hadi kijiji kukusanya watu dhidi ya Waingereza. Bila shaka wapo waliokunja uso. Leo sanamu yake tunaipita hapa mjini na hakuna anayemlaumu kwa kuihamisha ngoma. Bango nayo, muziki wa Pwani, ile ya Mzee Ngala wa Freretown, ina saksafoni ndani, na jaribu kufanya harusi ya Pwani bila bango uone mama mkwe atakavyonuna. Kwa hiyo kuchanganya si ugomvi wangu. Ugomvi wangu ni nani anamngoja nani.

Basi changanyeni, mradi kinanda kilifuate kayamba. Mashine ikiongoza, kayamba limekuwa pambo, kama hando la kupigiwa picha na watalii.

Hiyo ni harusini. Matangani, hapana. Haya mambo ya disko matanga, dansi za usiku msibani, yalipigwa marufuku na hayajaisha, na kikundi cha mwanzele kikija na spika usiku wa msiba, jirani hatofautishi. Huko nipeleke maiki moja ya mchungaji au ya shehe, na jenereta ya taa, basi. Najua mtakayosema, kwamba majuzi spika zangu nne zilionekana matangani huko Marafa. Zilikuwepo. Karo haingoji mila, na wenye msiba ndio walioziomba.

Kikundi kitakachonikodi Desemba kije saa nane mchana na makayamba yake, si watu wakishakaa. Kayamba litajaribiwa la kwanza, kinanda cha mwisho. Nauli ya lori ni ya mwenye harusi.

Fundi mitambo, Malindi