Nauli ikiondoka, nani atamlipa dereva?

Mhariri, swali lenu la wiki hii lilikuwa hili: je, Dar es Salaam ijaribu mabasi ya umma bila nauli? Jibu langu ni ndiyo, ijaribu. Ila nina sharti moja, na kwangu ni zito kuliko bajeti yenyewe: kabla ya kumwambia abiria asilipe, tuhakikishe kwamba dereva hategemei tena mfuko wa abiria.

Wanaotetea usafiri wa bure hukimbilia mifano ya Ulaya. Nami nitafika huko, lakini tuanze na daladala, yale mabasi ya watu binafsi, maana bado ndizo zinazobeba sehemu kubwa ya jiji hili. Dereva na konda wanaamka alfajiri wakiwa na deni tayari: hesabu ya tajiri, yaani kiasi ambacho mwenye gari anataka apelekewe kila siku. Ikishatoka hesabu na yakishatoka mafuta, kinachobaki ndicho chao. Mengi yanayotuudhi barabarani yanaanzia hapo. Gari linakaa kituoni mpaka lijae. Jioni linakatisha ruti, kwa sababu kipande kifupi chenye watu wengi kinalipa kuliko kumaliza safari. Abiria naye anageuza na gari, yaani anapanda likiwa linaelekea mwisho wa ruti ili apate siti ya kurudi nayo, na analipa nauli mbili kwa safari moja. Siwalaumu madereva na makonda. Wanafanya kazi ngumu, kwa saa nyingi, na wengi wao hawana mshahara mwingine zaidi ya ile nauli.

Sasa mtazame mwanafunzi. Kwa viwango vya Desemba 2023 yeye analipa shilingi 200, wakati mtu mzima analipa 600 hata kwa ruti fupi kabisa. Kwa konda mwenye hesabu ya kupeleka, mtoto mmoja aliyepanda ni shilingi 400 zilizopotea. Ndiyo maana asubuhi unawakuta watoto wenye sare wamerundikana kituoni, konda ameziba mlango kwa mkono, gari linaondoka, wao wamebaki. Viongozi wanakemea mwaka baada ya mwaka na watoto wanaendelea kuachwa. Kama anayelipa theluthi ya nauli anaachwa hivi, asiyelipa kabisa nani atamsimamishia gari?

Delhi wamelijibu swali hilo, na jibu lenyewe linauma. Oktoba 29, 2019 wanawake walianza kupanda mabasi ya umma ya jiji hilo la India bure, kwa tiketi ya rangi ya waridi. Ni mpango mzuri na umewafikisha wanawake wengi kazini na masomoni. Lakini Mei 2023 Arvind Kejriwal, aliyekuwa akiongoza serikali ya Delhi, alilazimika kuwaonya hadharani madereva waliokuwa wakiwapita wanawake vituoni kwa sababu hawalipi. Hapo nimejifunza kwamba bure ikiwa ya baadhi tu, hao baadhi watageuzwa kuwa mzigo. Basi likiwa bure, liwe bure kwa kila anayepanda, ili pale mlangoni asiwepo wa kuchaguliwa na wa kuachwa.

Katika Ulaya, mji ambao ningependa wapangaji wetu wausome kwa makini ni Dunkerque, kaskazini mwa Ufaransa, wenye watu wapatao 200,000 ukijumlisha na vitongoji vyake. Hawakuruka moja kwa moja. Mwaka 2015 walianza kufuta nauli mwishoni mwa wiki na siku za sikukuu, kisha Septemba 1, 2018 wakaifuta siku zote. Na hawakufuta nauli peke yake: walipanga upya njia, wakaongeza magari, wakahakikisha njia kuu zinapata basi kila baada ya dakika kumi. Abiria waliongezeka kwa zaidi ya nusu siku za kazi, na mwishoni mwa wiki idadi yao ikawa kama mara mbili. Bila yale magari ya ziada watu wangeitwa waje bure kusukumana, na jambo hilo sisi hatuhitaji kulifanyia majaribio.

Lakini lazima tuseme ukweli kuhusu fedha. Dunkerque nauli ilikuwa ikilipia karibu sehemu moja tu kati ya kumi za gharama. Iliyobaki ilitoka hasa kwenye kodi inayolipwa na waajiri. Luxembourg, nchi ya kwanza kufuta nauli kote nchini, mwaka 2020, nayo nauli ilikuwa chini ya sehemu moja ya kumi. Wao waliziba pengo dogo. Kwetu daladala haina ruzuku: nauli ndiyo dizeli, ndiyo tairi, ndiyo marejesho ya mkopo wa gari, ndiyo chakula cha nyumbani kwa konda. Anayesema tufute nauli jiji zima kwa tamko moja hajalitazama hilo.

Kuna hoja moja ya wapinzani ambayo siwezi kuipitisha kimya. Tallinn, mji mkuu wa Estonia, wakazi walipiga kura mwaka 2012 na Januari 2013 mabasi na tramu vikawa bure kwa waliojiandikisha kuishi mjini. Watafiti walipopima baada ya mwaka mmoja wakakuta matumizi ya usafiri wa umma yamepanda kwa asilimia 14, lakini sehemu kubwa ya safari hizo mpya zilitoka kwa watu waliokuwa wakitembea kwa miguu, si kwa wenye magari. Tangu hapo kila mtu asiyetaka usafiri wa bure anautaja utafiti huo kama ushahidi kwamba mpango ulishindwa. Labda kwa Tallinn, ambako lengo mojawapo lilikuwa kupunguza magari. Kwa Dar es Salaam naukataa mzani huo. Mama anayetoka Gongo la Mboto hadi Kariakoo kwa miguu hafanyi mazoezi. Anatembea kwa sababu akilipa nauli, mtaji wa ndizi unapungua. Yupo anayeruka tarehe ya kliniki kwa kukosa nauli, na kijana anayeacha kufuatilia kazi Masaki kwa sababu kila safari ya kuulizia inakula pesa ya chakula. Watu kama hao wakihama kutoka miguuni kwenda kwenye siti, kwangu huo ndio ushindi wenyewe, hata kama foleni ya magari binafsi haikupungua hata kidogo.

Kwa hiyo napendekeza hivi. Zichaguliwe njia mbili au tatu tu za mlisho, zile zinazowaleta watu kwenye vituo vya mwendokasi, yale mabasi makubwa yenye barabara yao maalumu, na wenye daladala wa njia hizo wapewe mkataba: gari lilipwe kwa kila safari iliyokamilika kwa ratiba, lijae au lisijae. LATRA, mamlaka inayodhibiti usafiri wa ardhini, tayari inafuatilia mabasi ya mikoani kwa vifaa vya VTS, vinavyoonyesha gari liko wapi. Kifaa cha aina hiyo kitaonyesha kama gari limefika mwisho wa ruti au limekatisha. Dereva na konda wawe na mshahara. Konda abaki, kwa sababu kuna mzee wa kushikwa mkono, kuna mizigo, na kuna abiria wa kuhesabiwa. Fedha za kuanzia zitoke kwenye ada za maegesho ya katikati ya jiji; sioni ubaya mwenye gari aliyeegesha Posta akichangia basi la anayetoka Chanika.

Tujihadhari na jambo moja lililoonekana Boston, Marekani. Walifuta nauli kwenye njia tatu, namba 23, 28 na 29, kuanzia Machi 2022, na abiria wakaongezeka vizuri. Lakini wengi hawakuokoa hela, kwa sababu safari yao iliendelea kwenye basi au treni nyingine ya kulipia. Nasi tukifanya mlisho bure halafu mtu alipe kama kawaida akifika kituo cha mwendokasi cha Kimara, ahueni itakuwa nusu. Angalau nauli ya mwendokasi isipandishwe kipindi chote cha majaribio.

Na ijulikane mapema majaribio yataisha vipi. Hasselt, Ubelgiji, ilifuta nauli mwaka 1997, abiria wakaongezeka zaidi ya mara kumi, na mwaka 2013 gharama zikaurudisha mji kwenye tiketi. Inaweza kutokea kwetu pia. Mtu aliyekubali kazi ya mbali kwa sababu basi ni bure apewe taarifa miezi kadhaa kabla nauli haijarudi. Ila hata ikirudi, isirudi mkononi mwa konda. Iingie kwenye mfuko mmoja wa njia nzima, na dereva aendelee kulipwa kwa safari aliyoimaliza, awe amebeba watu wazima watupu au wanafunzi watupu.