Wadogo zangu wa IT, Java haiandikwi JAVA

Mie kazi yangu inanipitishia CV nyingi za vijana wa Unguja na Pemba wanaotafuta kazi za kompyuta, wengine wametoka SUZA, kile chuo kikuu cha taifa cha Zanzibar, wengine wamejifunza wenyewe kwenye simu kwa bando la usiku, na wengi wao wana uwezo kweli kweli. Sasa unafungua CV, unashuka kwenye ujuzi, unakuta "JAVA, PYTHON, Php, My Sql, Javascript, HTml". Inaniuma, kwa sababu anayekusoma hajaona hata mradi wako mmoja, alichonacho mbele yake ni hayo maandishi tu, na hizo ndo lugha na zana za programu unazosema unazitumia kila siku.

Ninachofanya mie ni kujiuliza kwanza, hichi ni kifupisho kinachotajwa herufi moja moja au ni jina? PHP, HTML, CSS, SQL hizo zote unazitaja herufi herufi, basi ni kubwa mwanzo mpaka mwisho. Java sio kifupisho cha kitu chochote, ni jina, kwahiyo J kubwa basi. Python pia ni jina, Guido van Rossum aliyeiunda alilichukua kwa wachekeshaji wa Uingereza, Monty Python. Lugha ya Ada ni jina la mtu kabisa, Ada Lovelace, na lugha ya Pascal ni Blaise Pascal yule wa Ufaransa. Hakuna sababu ya kuwapandishia herufi zote.

Halafu kuna zile zilizobadilika njiani na hapa ndo watu wanachanganyikiwa. Ile lugha ya IBM ya 1957 ilikuwa FORTRAN, kubwa zote, lakini kuanzia Fortran 90 wenyewe wakaacha, sasa ni Fortran. LISP ya John McCarthy nayo siku hizi utaiona Lisp. Lakini COBOL ya zama hizo hizo bado COBOL. Kwahiyo usitafute kanuni moja ya kuzifunga zote, fungua tovuti ya lugha yenyewe uangalie wanavyojiandika, dakika moja tu imekwisha. Watu wa Perl wameliandika hili wazi kwenye maswali na majibu yao: Perl ni lugha, perl kwa herufi ndogo ni ile programu inayoiendesha, na PERL haipo. Ukiwaandikia PERL wanajua hapo hapo we mgeni. Na zile zenye herufi kubwa katikati ni za kukariri tu, JavaScript, TypeScript, MySQL, PostgreSQL, GitHub. WordPress, ile programu ya kutengenezea tovuti, ndo kiboko, tangu toleo la 3.0 la mwaka 2010 wameweka kijifanksheni ndani ya programu yenyewe kinaitwa capital_P_dangit, ukiandika Wordpress kwenye makala yako kinakurekebishia hiyo P kimya kimya!

Wapo watakaosema haya ni mapambo. Sawa, tuingie kwenye kodi za programu basi.

Kuna system moja ya usajili wa wanafunzi niliitwa kuiangalia, fomu inajazwa vizuri lakini nambari ya ZanID, yaani kitambulisho cha Mzanzibari, ya mzazi haitokei, panatoka patupu na hakuna kosa lolote linaloonekana. Vijana watatu waliiandika hiyo system, mmoja kaita zanID, mwengine zanId, wa tatu ZANID, na JavaScript kwake hayo ni majina matatu tofauti, ukimuuliza jina asilolijua kwenye objekti anakurudishia undefined anaendelea na safari yake. Asubuhi nzima imepotea kwa herufi moja ya d. Na usiwalaumu sana, hata wakubwa hawajakubaliana: kwenye kivinjari chako sasa hivi kuna kitu kinaitwa XMLHttpRequest, jina moja lakini XML kubwa zote na Http nusu nusu, halafu kuna getElementById ambayo ukiandika ID kwa D kubwa haifanyi kazi. Watu wa lugha ya Go wanataka userID, mwongozo wa Java wa Google unataka userId, Microsoft kwenye jukwaa lao la .NET kifupisho cha herufi mbili kama IO wanakiacha kikubwa lakini kuanzia tatu wanaandika Xml, Html. Mie nashika ya kukifanya kifupisho kama neno la kawaida, zanId, zssfNo, kwa sababu yakikutana mawili, ZRA ya mapato na ZSSF ya hifadhi ya jamii, ukaandika ZRAZSSF, jicho halijui moja linaishia wapi. Lakini kama timu yenu imeshachagua nyengine fateni hiyo hiyo wote, muiandike kwenye README, lile faili la maelezo ya mradi, mapema kabla hamjaanza.

Na mafaili jamani. Tovuti ya nyumba ya wageni Jambiani, kwenye laptopu yenye Windows picha zote zinaonekana, ikipandishwa kwenye seva ya Linux zote zimepotea. Kamera ilitoa Bahari.JPG, ukurasa umeandikwa bahari.jpg, Windows kwa kawaida haijali ila Linux hayo ni mafaili mawili. Picha na kurasa zipeni herufi ndogo tupu bila nafasi katikati. Ila faili la kodi ya Java usilishushe herufi, klasi ya public ikiitwa Mkopo na faili lazima liwe Mkopo.java, vyenginevyo haikompaili.

Kwenye barua zenu za Kiswahili pia mnauliza, TEHAMA (teknolojia ya habari na mawasiliano) au Tehama, UKIMWI au Ukimwi. Zote mbili zinaandikwa, na kwa vile zinasomeka kama neno mie napendelea Tehama na Ukimwi, ila ukianza na moja usibadilishe ukurasa wa pili. KMKM, kile kikosi cha kuzuia magendo, na ZBC, shirika la utangazaji la Zanzibar, zinatajwa herufi herufi, ziacheni kubwa. Na SUZA japo inasomeka kama neno ni jina la chuo, andika wanavyoandika wenyewe.

Kama CV yako iko tayari, kabla hujaituma pitia ile sehemu ya ujuzi peke yake, jina moja moja, na tovuti ya kila lugha iko wazi pembeni.