Kugawanya airisi zilizosongamana: tunguu lisifukiwe kama tangawizi

Mara ya kwanza nilipogawanya airisi zangu, nilizipanda kama nilivyomwona mama akipanda tangawizi kule Mamba, katika milima ya Upare, wilayani Same. Nilichimba mfereji, nikalaza matunguu, nikayafukia kwa udongo wa unene wa vidole vitatu, nikamwagilia na kusubiri. Majani yalitoka vizuri, lakini ua sikuliona mwaka uliofuata wala ule wa baada yake. Hatimaye jirani yangu, bibi mzee ambaye ndiye aliyenipa mbegu, alipita kunisalimu, akainama kwenye tuta na kuparua udongo kwa kidole mpaka mgongo wa tunguu ukaonekana. Aliniambia kwamba airisi hukaa udongoni kama bata anavyokaa majini: tumbo ndani, mgongo nje. Kila nitakaloeleza hapa chini linatokana na kosa hilo.

Ninaishi Nashville, jimbo la Tennessee nchini Marekani, ambako airisi imekuwa ua rasmi la jimbo tangu mwaka 1933, na mtaani kwetu ni nadra kukuta nyumba isiyo na fungu lake. Aina ninayoizungumzia ni airisi ya ndevu, iliyopewa jina hilo kwa sababu ya ukanda wa nywele laini ulio juu ya petali zake zinazoinama. Chini yake kuna tunguu linalofanana sana na tangawizi, nalo si mzizi bali ni shina linalotambaa ardhini, na shina hilo linahitaji jua na hewa. Likifukiwa sana, hukataa kutoa maua au huoza.

Mtu aliyelelewa penye migomba hatapata shida kuelewa kwa nini airisi husongamana. Tunguu moja huchanua mara moja tu katika maisha yake, kama mgomba uzaavyo mkungu mmoja, na baada ya hapo kazi huachiwa matunguu machanga yanayochipuka ubavuni. Tofauti ni kwamba mgomba uliokwisha kuzaa tunaukata, ilhali tunguu kongwe la airisi hubaki palepale, gumu na tupu, likiwabania watoto nafasi. Baada ya miaka 3 hadi 5 utaona maua yamepungua na yanatokea pembezoni tu, katikati pamebaki upara, na matunguu yamepandana kama kuni zilizotupwa ovyo. Mbolea haisaidii katika hali hiyo, na kusema kweli ile yenye naitrojeni nyingi huzidisha balaa, kwa kuwa hukuza majani laini na kukaribisha uozo.

Hapa kwetu airisi huchanua kuanzia mwishoni mwa Aprili hadi Mei, nami huzigawanya wiki 6 hadi 8 baada ya maua kunyauka, yaani Julai au Agosti, wakati mmea unapoanza kutoa mizizi mipya. Ukichelewa, hakikisha angalau kwamba mimea itakuwa imekaa ardhini wiki 6 kabla ya jalidi ya kwanza, ambayo kwetu huja mwishoni mwa Oktoba au mwanzoni mwa Novemba. Kwa kuwa mchana wa Julai joto hufika nyuzi 32 na zaidi, mimi huanza kazi saa kumi na mbili asubuhi na kuimaliza kabla ya saa nne.

Ikiwa una rangi mbalimbali, andika jina la rangi kwenye jani la kila fungu kwa kalamu ya wino usiofutika kabla hujagusa udongo, kwa sababu airisi isiyo na ua haina alama yoyote ya kuitambulisha. Kisha chomeka uma wa bustani kiasi cha sentimita 20 kutoka ukingoni mwa fungu, uzunguke pande zote ukilegeza udongo, na ndipo uliinue fungu zima kwa pamoja. Kung'ang'ania kuvuta majani huyanyofoa, na tunguu hubaki chini. Tikisa udongo, halafu osha kwa maji ya mpira, kwani huwezi kuhukumu tunguu usiloliona.

Hatua ya kuchambua ndiyo inayohitaji muda, na sikushauri uifanye kwa haraka. Tunguu zuri ni gumu kama kiazi kibichi, lina unene usiopungua dole gumba, lina mizizi yake na angalau fungu moja la majani yaliyokaa kama upepeo. Mengi huachana kwa mkono pale penye kiungo, kama unavyovunja kidole cha tangawizi, na yanayokataa hukatwa kwa kisu kikali. Kati ya fungu na fungu mimi huchovya kisu katika mchanganyiko wa sehemu moja ya jiki na sehemu tisa za maji, maana ugonjwa wa uozo husafiri juu ya kisu. Uozo wenyewe hauhitaji kutafutwa, kwa kuwa hujitangaza kwa harufu mbaya kabla hujauona, na ukibonyeza tunguu kidole huzama kwenye uji wa rangi ya kahawa nyepesi. Kipande chenye uozo kidogo kinaweza kukatwa mpaka ifikiwe nyama nyeupe iliyo ngumu. Kilichooza zaidi ya hapo hutupwa kwenye takataka, si kwenye lundo la mboji.

Angalia pia kama kuna tundu. Mwaka juzi nilipasua tunguu lililoonekana zima nikamkuta ndani kiwavi wa rangi ya waridi hafifu, mwenye kichwa cha kahawia, urefu wake karibu sentimita 4, amelala katika handaki alilolila mwenyewe. Huyo ndiye adui mkubwa wa airisi upande huu wa mashariki mwa Marekani, na uozo mara nyingi huingia kwa mlango alioufungua yeye. Mayai yake hukaa majira yote ya baridi juu ya majani makavu, na ndiyo maana mimi huyakusanya yote kila mwisho wa Novemba na kuyatoa nje ya bustani.

Hapa nitoe tahadhari, hasa kwa wenzangu wa nyumbani. Shangazi alipokuja kututembelea alikuta matunguu niliyoyaanika barazani, akachukua moja na kuanza kulikwangua kwa ukucha, akiniuliza kwa nini tangawizi ya huku haina harufu. Alikuwa tayari ameweka maji ya chai jikoni. Tunguu la airisi lina sumu, huumiza tumbo na kuwasha ngozi ya baadhi ya watu, kwa hiyo vaa glavu, na usiliweke kamwe karibu na jiko, watoto au mbwa.

Majani hukatwa yabaki sentimita 15 hivi, kwa kuwa mizizi iliyopunguzwa haiwezi kuyanywesha majani marefu. Kisha acha vidonda vikauke kivulini siku moja au mbili. Usiwe na wasiwasi kwamba mmea utakufa, kwani tunguu ni ghala la chakula na huweza kukaa hata wiki moja au zaidi nje ya udongo bila madhara.

Tuta jipya lipate jua la saa 6 au zaidi kwa siku, na maji yasituame hapo. Udongo wa kwetu ni mfinyanzi mzito, kwa hiyo niliinua tuta sentimita 15 juu ya ardhi na kuchanganya mboji iliyokwisha kuiva. Katika kila shimo jenga kichuguu kidogo katikati, kalisha tunguu juu yake, teremsha mizizi pande zote mbili, fukia mizizi hiyo na kuikandamiza, huku mgongo wa tunguu ukiwa sawa na uso wa ardhi. Panapokuwa na joto kali, tabaka jembamba la udongo lisilozidi sentimita 2 linaruhusiwa ili tunguu lisiungue, lakini lisizidi hapo, na matandazo yasiliguse tunguu. Mimi hupanda vitatu vitatu kwa umbo la pembetatu, kwa nafasi ya sentimita 40, nikielekeza majani nje, kwa sababu tunguu hukua kuelekea upande wa majani yake. Ukiyaelekeza ndani, yatapandana tena mapema.

Mwagilia vizuri siku ya kupanda, halafu mara moja kwa wiki ikiwa mvua hainyeshi, mpaka uone jani jipya likichomoza katikati ya upepeo, jambo ambalo huchukua wiki 2 au 3. Baada ya hapo punguza maji. Katika majira ya baridi ya kwanza, udongo unapoganda na kuyeyuka, husukuma juu mimea ambayo haijashika vizuri, na mimi huikandamiza kwa nusu tofali kila upande hadi mwezi Machi.

Kati ya vipande 24 nilivyopanda mara ya pili, 7 vilichanua majira ya kuchipua yaliyofuata, na vilivyobaki karibu vyote mwaka wa pili. Vipande vilivyozidi nilivipakia kwenye mfuko wa karatasi na kumpelekea yule bibi jirani, ambaye alivitoa kimoja kimoja, akavibonyeza vyote, na kunirudishia viwili.